Jiwe lenye Vijitundu: Barua Zenu Kuhusu Kijiji cha Eyam

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji aliyeuliza kuhusu karantini, nilikitaja kwa mistari miwili tu kijiji cha Eyam kule Uingereza. Barua zikamiminika, nyingine ndefu kuliko jibu lenyewe. Kwa hiyo ukurasa wote wa mwezi huu ni wa Eyam. Wenye maswali ya ngeli na methali nawaomba mnistahimilie hadi mwezi ujao.

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu anasoma Sheffield, mwaka wa pili. Juzi alinitumia picha kwenye WhatsApp: jiwe kubwa katikati ya malisho, lina vijitundu juu yake, na ndani ya vijitundu mna sarafu. Ameandika tu, "Mama, hapa Eyam." Nimeingiwa na wasiwasi. Ni mambo ya kutambika? Ni mahali pa kuwekea nadhiri? Nijibu nipate usingizi.
*Mama wa watatu, Likoni*

Marahaba, mwanangu, na ulale usingizi wa raha. Jiwe hilo nalijua. Nililigusa kwa mkono wangu Agosti 2023, nilipokwenda kumtazama binti yangu ambaye ni muuguzi huko huko Sheffield. Hapakuwa pa kutambika. Hapo ndipo watu wa Eyam walipokuwa wakilipia chakula chao mwaka 1666, kwa sababu hawakuweza kumkaribia aliyewauzia.

Kisa kilianzia London. Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiwafyeka watu wa mji ule. Orodha za vifo za mwaka huo zilihesabu zaidi ya 68,000, na wenye kujua wanasema waliokufa hasa walizidi hapo kwa mbali. Mwishoni mwa Agosti, fundi mshoni wa Eyam aitwaye Alexander Hadfield aliletewa bunda la nguo kutoka London. Aliyelifungua ni msaidizi wake, George Viccars. Akakuta nguo zina unyevu, akazitandaza mbele ya moto zikauke. Ni kazi ya nyumbani ambayo mimi na wewe tungeifanya bila kufikiri mara mbili. Kumbe ndani ya nguo mlikuwa na viroboto, na viroboto wale ndio waliobeba tauni. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Wakafuata watoto wa nyumba ile ile, kisha majirani wa ukuta kwa ukuta, kisha ng'ambo ya njia.

Majira ya baridi yaliituliza kidogo, watu wakadhani imekwisha. Kiangazi cha 1666 ikarudi kwa nguvu. Kasisi wa kijiji alikuwa William Mompesson, kijana wa miaka 28 hivi, mgeni ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu pale, na wengi hawakuwa wamempokea moyoni. Walikuwa bado na kasisi wao wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa kwenye kazi yake kwa kutokubaliana na sheria mpya ya kanisa na kitabu chake cha sala. Mompesson akamwendea Stanley. Mimi nampendea hilo kuliko jingine lolote alilofanya: alijua sauti yake peke yake haitoshi, akaenda kuomba sauti ya mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa amekalia kiti chake. Wakasimama pamoja mbele ya watu mwezi Juni, wakakubaliana nao mambo matatu. Kila familia itazika maiti wake yenyewe, shambani au uani kwake. Kanisa litafungwa, na ibada itafanywa nje, bondeni panapoitwa Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Na hakuna atakayetoka kijijini wala kuingia.

Sasa watakula nini? Earl wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth karibu na hapo, aliahidi kuwapelekea chakula na dawa. Vijiji jirani navyo vilileta mahitaji vikayaacha mpakani. Watu wa Eyam walisubiri aliyeleta aondoke, ndipo wakaja kuchukua. Fedha walizitia kwenye vijitundu vya jiwe vilivyojazwa siki, kwa imani kwamba siki itaua ugonjwa kwenye sarafu. Jiwe la kwenye picha ya mwanao ndilo hilo, liko kwenye njia ya miguu iendayo kijiji cha Stoney Middleton. Sarafu za leo ni za wageni kama mwanao, wanaziweka kwa ukumbusho.

Siku niliyofika kulikuwa na manyunyu. Jiwe lenyewe si refu, limelala kwenye nyasi kama ng'ombe aliyejipumzisha, kijivu, na kingo za vijitundu vyake zimekuwa laini kwa kuguswaguswa. Nikaingiza kidole kimoja. Kiliingia hadi kifundo cha kwanza, nikagusa maji ya mvua na sarafu ya peni. Nilikaa pale mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, utalowa."

Mwalimu, rafiki yangu anasema kisa cha Eyam kimepambwa ili kuvuta watalii. Anasema watu wale hawakuwa na hiari yoyote, walifungiwa. Na pia, kama walijua wanakufa, kwa nini wasikimbie?
*Kijana wa Changamwe*

Rafiki yako ana haki ya kuuliza, na wanahistoria wanaulizana hilo hilo.

Tuanze na waliokimbia, maana wapo. Wenye uwezo waliondoka mapema, kabla ya makubaliano ya Juni. Mompesson mwenyewe aliwatoa watoto wake wawili, akataka na mkewe Catherine aondoke nao. Catherine akakataa. Alibaki, akawa anawatazama wagonjwa pamoja na mumewe, akafa tarehe 25 Agosti 1666, na kaburi lake liko uani mwa kanisa hadi leo. Wewe niambie kama mwanamke yule hakuwa na hiari.

Waliobaki wengi walikuwa wakulima na wachimba risasi, yale madini mazito ya kijivu. Maskini wa aina hiyo angekimbilia wapi? Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Eyam alikwenda soko la Tideswell, akatambuliwa, na watu wakamtupia matope na chochote kilichokuwa mkononi. Kwa hiyo hiari yao ilikuwa hiari ya mtu mwenye milango michache. Lakini mlango wa kutoroka usiku, mmoja mmoja, kupitia milimani, ulikuwepo. Hakukuwa na jeshi lililouzingira mji. Na ugonjwa haukuenea katika vijiji vya pembeni. Mimi sihitaji kuwafanya malaika ili niwaheshimu.

Gharama yake ni hii: mwezi wa Agosti 1666 peke yake ulichukua zaidi ya watu 70. Hadi wa mwisho alipokufa mwanzoni mwa Novemba, miezi 14 baada ya bunda lile kufunguliwa, walikuwa wamekufa takriban 260. Vitabu vya zamani husema kijiji kilikuwa na watu 350; watafiti wa karibuni wanataja 700 au zaidi. Chukua hesabu unayotaka, bado ni kijiji ambacho kila nyumba ilikuwa na tanga.

Na kuhusu kupambwa: kweli, kuna kisa cha wachumba wawili, Emmott Sydall wa Eyam na Rowland Torre wa Stoney Middleton, waliokuwa wakitazamana kwa mbali bondeni hadi siku binti alipoacha kuja. Waongozaji wageni wanakipenda sana. Mimi nilikisikiliza kwa adabu, nikaenda kutazama makaburi ya Riley, ambayo nitayaeleza hapo chini.

Assalamu alaikum, Mwalimu. Mbona unawasifu Wazungu wa 1666 kana kwamba wao ndio walioanza? Sisi mafundisho ya tauni tunayo zamani.
*Msomaji wa Kisauni*

Waalaikumu ssalam. Maneno yako ni ya kweli na nilipaswa kuyatanguliza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mkisikia tauni imeingia katika nchi msiingie, na ikiwakuta mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar aliposafiri kwenda Sham, akaambiwa tauni imezuka huko, aligeuza msafara akarudi Madina. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Abu Ubayda mwenyewe alibaki na watu wake Sham, na tauni ile ikamchukua. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Eyam.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya jiwe lile sikuona jambo geni. Niliona watu wa dini nyingine, wenye ndimi nyingine, wamefika pale pale kwa njia yao.

Mwalimu, tunakwenda Uingereza Agosti kwa harusi ya ndugu yetu, na mume wangu amesema siku moja twende Eyam. Kuna nini cha kuona? Watoto hawatachoka?
*Bibi harusi wa zamani, Tudor*

Kwanza jifunzeni kulitamka jina: ni "Iim", basi, si "Eyamu". Mkishuka Sheffield kwa treni kutoka London, basi la kwenda Eyam lipo, linapanda milima ya Peak District. Chukueni sweta hata kama ni Agosti. Chakula cha halali kipateni Sheffield, mbebe. Kijijini kuna mikahawa ya chai na keki.

Kijiji chenyewe mnakipitia kwa miguu. Nyumba ni za mawe ya kijivu, ndogo, zimekaa bega kwa bega. Karibu na kanisa kuna zile zinazoitwa nyumba za tauni, mojawapo ndiyo alimofia George Viccars. Watu wanaishi ndani yake mpaka leo. Mtaona mapazia na vyungu vya maua, na nje kuna kibao kinachotaja nani alikufa humo na lini. Msomeeni mtoto mkubwa majina, awasomee wadogo. Kanisa la Mtakatifu Lawrence lina msalaba wa mawe wa zama za Waanglo-Saksoni uani, umri wake zaidi ya miaka 1,000, na ukutani kuna saa ya kivuli ya 1775 inayoonyesha hata saa za miji ya mbali duniani. Makumbusho ni madogo lakini yamepangwa kwa akili, na juu ya paa lake kuna kipima upepo chenye umbo la panya. Watoto watampenda panya huyo. Jumba la Eyam Hall, lililojengwa miaka michache tu baada ya tauni, litazameni mkipita.

Kama safari yenu itaangukia mwishoni mwa Agosti mna bahati. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo watu huandamana hadi bonde la Cucklet Delf na kufanya ibada ya kuwakumbuka wafu wao, mahali pale pale walipokuwa wakisali kila familia ikiwa mbali na nyingine. Na siku hizo hizo wanapamba visima. Wanachukua ubao, wanautandika udongo mbichi, kisha wanachomeka petali za maua, moja moja, majani, mbegu, magome, mpaka picha kamili inatokea. Niliwakuta wanawake wanne wameuinamia ubao mmoja, vidole vyao vinakwenda huku midomo inapiga soga, nikaona ni sisi tupu, tunatunga vikuba vya asumini na rihani alasiri ya harusi. Mmoja akanipa petali ya bluu nichomeke. Ipo kona ya chini, mkono wa kushoto, au ilikuwepo mpaka ikanyauka.

Sasa makaburi ya Riley. Yako nje kidogo ya kijiji, mwendo wa kupanda, peke yake shambani, yamezungushiwa ukuta wa mawe wa duara. Mwanamke aliyeitwa Elizabeth Hancock aliishi karibu na hapo na mumewe na watoto. Kuanzia tarehe 3 hadi 10 Agosti 1666 alimzika mumewe, John, na watoto sita. Siku nane. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia, na hakuna aliyethubutu. Alichimba mwenyewe. Kwa kuogopa kuwagusa aliwafunga kitambaa miguuni akawaburuta hadi shimoni, na inasimuliwa kwamba watu wa Stoney Middleton walikuwa wakimwona kutoka kilima cha pili. Yeye hakuugua. Baadaye aliondoka akaenda kukaa na mwanawe aliyesalia, Sheffield.

Mimi nimezaa watano na nimezika mmoja. Siku ya maziko yetu nyumba ilijaa, wanawake walinishika huku na huku, mwingine kanifunika leso, mwingine anafukiza udi, jikoni wanapika watu ambao sikuwaita. Nilipofika Riley nilimtafuta Elizabeth kwa macho kana kwamba angali pale na sepeto yake. Upepo ulikuwa mkali, kondoo wanakula nyasi mpaka kwenye ukuta. Nikamsomea dua. Kama mtakwenda na watoto wadogo sana, mmoja wenu abaki nao kijijini, lakini mwingine apande hadi huko.

Mwalimu wangu, ulinifundisha historia kidato cha pili. Nilisoma yale mistari yako miwili nikiwa nyumbani Mji wa Kale nikakumbuka 2020. Tulifungiwa na sisi. Mbona hatuna jiwe letu?
*Mwanafunzi wako, Mji wa Kale*

Mwanangu, swali lako nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Kwa wasomaji wa mbali: tarehe 6 Mei 2020 serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa sababu ya korona, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Ziliwekwa siku 15, zikaongezwa, na Idi ikatukuta ndani. Sisi hatukuchagua kama watu wa Eyam, tuliamka tukakuta vizuizi. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaifuta. Lakini nataka niseme tulichokifanya baada ya kuvikuta, maana naona kinasahaulika haraka mno.

Nakaa ghorofa ya pili, Kibokoni. Nina kapu la ukili lenye kamba ambalo mama yangu alikuwa akiliteremsha kwa muuza samaki, nami nililirithi bila kulitumia sana. Mwezi ule lilifanya kazi kila siku. Noti nilizifungia kwenye mfuko wa plastiki, sarafu nilizitumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni, nikateremsha vyote viwili. Chini ananyanyua, anahesabu, anatia sukuma, nyanya na nazi, anavuta kamba mara mbili kunijulisha. Alasiri ndugu zangu wa Majengo walileta futari mpaka kwenye kizuizi, vijana wa mtaa wakaipokea upande wa ndani na kuigawa nyumba kwa nyumba: mbaazi za nazi, mahamri, kaimati, viazi vya rojo. Bakuli nyingine hazikuwa na jina la mwenyewe. Kwa hiyo nilipoingiza kidole kwenye jiwe la Eyam miaka mitatu baadaye, nikaambiwa habari ya siki, nilijikuta naliambia jiwe kwa sauti, "Maji ya sabuni." Binti yangu alidhani nina kiu.

Hata lile la baadaye linafanana. Mompesson alihamia kijiji kingine, Eakring, 1669, na inasimuliwa kwamba watu wa huko walimwogopa, ikabidi kwanza akae kando na kuhubiri nje chini ya mti. Vizuizi vyetu vilipoondolewa, mpwa wangu alirudi kazini akaambiwa akae nyumbani mwezi mzima bila mshahara kwa sababu anwani yake ni Mji wa Kale. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na anwani.

Sasa jiwe letu. Yale makumbusho ya Eyam niliyoyasifu, yenye panya juu ya paa, yalifunguliwa 1994. Msingi wake ni vitu alivyokuwa amevikusanya mwanakijiji mmoja, Clarence Daniel, ambaye kwa miaka alivitunza na kuvionyesha nyumbani kwake. Barua, mawe, karatasi. Hakungoja mtu aje kutoka mji mkuu. Sisi tuna Ngomeni hapa, ile ngome ya Fort Jesus, na hiyo ni fahari yetu, lakini Ngomeni inasimulia habari za Wareno, Waomani na mizinga. Bakuli la mbaazi lisilo na jina litasimuliwa na nani, kama si aliyelipokea?

Kwa hiyo naanza kukusanya. Meza ya chumba changu cha mbele nimeiondoa vitabu. Wewe mwanafunzi wangu, na kila aliyekuwa ndani au nje ya vizuizi, nitafutieni mlichokihifadhi: kopo, barakoa ya kushona kwa mkono, pasi ya kupita kizuizini, daftari la madeni ya duka, ujumbe wa simu uliouandika ukitapatapa. Msinipe kama bado mnakihitaji, nitakipiga picha. Lakini niandikieni ni kitu gani, kilitumikaje, na nani alikuwa upande wa pili.

Langu ni hili kapu. Ukili wake umepasuka ukingoni na kamba ina fundo mahali ilipokatika siku ya mvua. Upande wa pili alikuwa kijana wa mboga anayetokea Mkomani kwa mkokoteni. Siku ya Idi niliteremsha kapu na fedha zake kama kawaida. Akavuta kamba mara mbili, nikapandisha. Mlikuwa na tikiti maji, na chini ya tikiti, kwenye kopo la maji ya sabuni, sarafu zangu zote.